Chombo Kimepwelewa, Bahari Inatembea: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Shata Ndefu Mchana kwa Simu, Bagamoyo

Siku za bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, maji ya Bagamoyo hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Mashua zilizotia nanga mbele ya soko la samaki hupwelewa, zikalala ubavu juu ya mchanga, na maji machache yaliyobaki hupita chini ya matumbo yake kama vijito. Ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote pale ufukweni. Chombo kimetulia tuli kama nyumba, na bahari inatembea. Ukiiacha shata ya kamera, yaani mlango wa mwanga, wazi kwa sekunde mbili tu, maji yanageuka hariri, huku mbao za chombo zikibaki kali hata kalafati ya kwenye viungo unaiona.

Kikwazo ni jua. Saa 4 asubuhi pwani yetu inawaka. Simu ikiachwa na shata wazi sekunde mbili kwenye mwanga ule, picha inaungua yote, inabaki karatasi nyeupe. Ndiyo maana wengi hushauriwa wasubiri alfajiri au magharibi. Kwa Bagamoyo ushauri huo unakunyima picha yenyewe, kwa sababu alfajiri ya siku za bamvua maji yamejaa na vyombo vinayumba. Shata ndefu ikikutana na chombo kinachoyumba, unapata ukungu wa chombo. Basi hapa hatuna budi kujifunza kupiga shata ndefu jua likiwa kali. Inawezekana, tena kwa simu ya kawaida.

Anza na mwezi, simu itafuata

Kabla ya kununua chochote, jua maji yanakwendaje. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa siku hizo huzidi mita 3, na kwa kuwa ufukwe wetu ni tambarare, bahari hurudi nyuma mbali sana. Mwezi ukiwa nusu tunaingia maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na vyombo vingi havipwelewi kabisa.

Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Hili nililipata kwa aibu kidogo. Siku moja nilipiga picha nzuri ya mashua saa 4 unusu, nikarudi siku tatu baadaye saa ileile nikitegemea kuipata tena. Nikakuta maji bado mengi, chombo kinaelea. Mzee mmoja nahodha, aliyekuwa ameketi juu ya madema akishona wavu, alinitazama nikikunja stendi yangu.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Leo maji yamekataa."

"Marahaba mwanangu. Maji hayajakataa. Wewe unafuata saa ya ukutani, yenyewe yanafuata mwezi. Kaa kitako, adhuhuri utayapata."

Nikakaa, nikayapata. Tangu siku hiyo nahesabu hivi: leo yakipwa saa 4 kamili, kesho ni saa 5 kasoro dakika 10, kesho kutwa saa 5 na dakika 40. Ukitaka uhakika zaidi, tumia jedwali la maji la Dar es Salaam au la Zanzibar. Bagamoyo iko karibu vya kutosha. Ila mvuvi uliyemsalimu vizuri atakupa jibu upesi kuliko intaneti.

Fika nusu saa kabla ya maji kupwa kabisa, ukae hadi yaanze kujaa. Dakika bora kwangu ni zile za mwanzo wa kujaa, vijiwimbi vyembamba vinaporudi na kuzunguka chombo ambacho bado hakijanyanyuka. Zinaweza kuwa dakika 20 au 30. Chombo kikianza kutikisika, funga kazi. Tena usiache mkoba mchangani ukaenda mbali. Kwenye ufukwe tambarare maji hukuzunguka kwa nyuma kabla hujayaona mbele.

Jambo la mwisho kuhusu mahali: ufukwe wa Bagamoyo umeelekea mashariki. Asubuhi ukitazama bahari unatazama jua, na mng'ao wa mchanga uliolowa utaivuruga picha. Simama ukiufuata ufukwe kwa urefu. Juni na Julai jua limeegemea kaskazini, kwa hiyo geukia kusini upate mwanga wa nyuma ya bega. Desemba na Januari limeegemea kusini, geukia kaskazini.

Hesabu ya mwanga

Kamera hupima mwanga kwa vitu vitatu: tundu la lenzi, ISO na kasi ya shata. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki; limebaki wazi muda wote, mara nyingi f/1.8 au karibu na hapo. Kwa hiyo unabaki na viwili. ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga, na wewe unaitaka iwe chini kabisa, 50 kama simu inafika huko, la sivyo 100. Kasi ya shata ndiyo muda ambao kamera inakusanya mwanga.

Sasa tazama namba. Kwenye jua kali, tundu f/1.8 na ISO 50, simu inataka shata ya sekunde 1/4000 hivi. Wewe unataka sekunde 2. Sekunde 2 ni mara 8000 ya 1/4000. Maana yake ni lazima uzuie mwanga wote isipokuwa sehemu moja kati ya 8000. Ukiielewa sentensi hiyo hutapoteza fedha, kwa sababu duka litakuuzia filta, kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi, iliyoandikwa ND8 na kukuambia inatengeneza maji ya hariri. Namba ya filta ya ND ndiyo kigawanyo chake: ND8 inapitisha sehemu moja kati ya 8, ND64 sehemu moja kati ya 64, ND1000 sehemu moja kati ya 1000. Kwa jua letu, ND8 inakupeleka kutoka 1/4000 hadi 1/500, na hapo bado wimbi limeganda hewani. ND64 inakupeleka 1/60. ND1000 inakufikisha robo sekunde. Ukibandika ND1000 na ND8 pamoja, unafika sekunde 2.

Mawingu mazito hupunguza mwanga kama mara 8, kwa hiyo siku ya masika iliyofunga, ND1000 peke yake inakupa sekunde 2. Mawingu ya masika ni filta ya bure na watu wengi huyakimbia.

Muda upi unafaa? Robo sekunde hadi nusu sekunde, wimbi linaacha mistari na bado lina nguvu. Sekunde 1 hadi 4, maji yanalainika lakini umbo la mkondo unaliona. Sekunde 10 na kuendelea, bahari inakuwa moshi. Kwa maji ya Bagamoyo, ambayo yana tope kwa kuwa mto Ruvu unamwaga upande wa kaskazini, mimi siendi mbali zaidi ya sekunde 4. Yakilainika mno yanafanana na chai ya maziwa.

Vya kubeba

Stendi ya miguu mitatu, hata ndogo. Mchanga uliolowa humeza miguu ya stendi polepole, na kuzama kwa milimita moja kunatosha kuharibu picha ya sekunde 2. Dawa yake iko palepale ufukweni: okota vifuu vitatu vya nazi, vifudikize mchangani, weka kila mguu juu ya kifuu. Upepo wa kusi ukiwa mkali, tundika mfuko wa mchanga katikati ya stendi. Kama huna stendi, mfuko wa kilo moja ya mchele juu ya kreti la samaki unashika simu vizuri kuliko unavyodhani.

Headifoni za waya zinasaidia sana. Kwenye simu nyingi kitufe cha sauti cha headifoni kinapiga picha, kwa hiyo huigusi simu. Kama hazifanyi kazi, weka taima ya sekunde 3.

Kitambaa laini cha pamba cha kufutia chumvi kwenye lenzi. Upepo wa bahari huweka utando usiouona mpaka picha itoke na ukungu mweupe. Pumulia, futa taratibu, rudia kila baada ya dakika 10.

Filta za ND za simu huuzwa na klipu ya kubana juu ya lenzi. Klipu ni kitu cha kuangalia kwa makini kuliko kioo chenyewe: ikiacha mwanya, mwanga unaingia pembeni na kuacha doa jeupe katikati ya picha. Mimi nimekata shingo ya soksi nyeusi, naivalisha kuzunguka klipu.

Na kama huwezi kupata ND1000, nenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kile kioo cheusi cha mstatili anachokitazamia cheche, namba 10, huzuia mwanga kwa zaidi ya mara 7000. Ni karibu kabisa na kile hesabu yetu inachodai. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa bei isiyofika hata robo ya filta nzuri. Kasoro yake ni rangi: picha nzima inatoka ya kijani. Rangi hiyo hurekebishika kiasi tu, kwa hiyo picha za kioo cha kuchomelea mimi nazigeuza nyeusi na nyeupe, na chombo kilichopwelewa kinapendeza mno kwa weusi na weupe. Usikitumie kioo hicho kulitazamia jua kwa jicho lako. Namba 10 haitoshi kulinda macho.

Njia ya kwanza: kutia giza mbele ya lenzi

Njia hii inahitaji simu inayokuruhusu kushika shata mwenyewe. Fungua kamera, tafuta modi iliyoandikwa "Pro". Samsung nyingi wanayo, na baadhi ya Tecno, Infinix na Xiaomi pia. Ukikuta herufi S au neno "Shutter" ndani yake, uko salama. Kama haipo, pakua Open Camera, programu ya bure ya Android, uone kama simu yako inaikubalia kushika shata kwa mkono. Kwa iPhone, kamera yake ya kawaida haina modi hiyo. Nenda moja kwa moja kwenye njia ya pili.

1. Weka simu kwenye stendi na panga picha bila filta. Hakikisha kuna kitu kisichotembea kabisa: chombo, nguzo, jiwe, kigingi cha nanga. Picha isiyo na kitu kilichotulia haionyeshi mwendo wowote, inaonekana imekosewa tu.

2. Jua ni lenzi ipi inayotumika. Simu zina lenzi mbili au tatu, na klipu hufunika moja. Ziba kila moja kwa kidole uone ipi inatia giza kwenye kioo cha simu. Ndani ya "Pro" chagua lenzi mwenyewe, maana simu ikiona giza hupenda kurukia lenzi nyingine kimyakimya, na utapiga picha bila filta usijue.

3. Gusa chombo kwenye kioo ili fokasi, yaani ukali wa picha, ikae, kisha geuza fokasi iwe ya mkono na uiache hapo. Hatua hii haina mbadala. Ukishaweka filta nyeusi, simu haioni kitu cha kushika, itahangaika mbele na nyuma.

4. Funga rangi pia. Weka mizani ya nyeupe ("WB") kwenye alama ya jua, isiwe ya kujipanga yenyewe.

5. ISO shusha hadi mwisho. Piga picha moja bila filta na usome shata iliyokupa mwanga mzuri, tuseme 1/4000.

6. Weka filta bila kuisukuma simu, kisha ivalishe klipu ile soksi nyeusi. Zidisha shata kwa namba ya filta. Kwa ND1000 na ND8 pamoja ni sekunde 2. Kwa kioo cha kuchomelea anza na sekunde 2 pia.

7. Subiri wimbi. Usipige maji yakiwa yametulia. Bonyeza linapoanza kuja, ili muda wote wa shata uchukue safari yake ya kuingia na kutoka.

8. Kuza picha kwa vidole uangalie mbao za chombo. Zikiwa na kivuli pacha, stendi imezama au upepo umeitikisa. Zikiwa kali na maji yameungua, punguza muda kwa nusu. Picha ikiwa giza kidogo, iache hivyohivyo. Giza hurekebishika nyumbani, nyeupe iliyoungua hairudi.

Ujanja mdogo: lenzi ya kuvuta mbali mara nyingi ina tundu dogo kuliko lenzi kuu. Ya f/3.4 hupitisha mwanga pungufu karibu mara 4 kuliko ya f/1.8, na hiyo ni filta ndogo uliyokwisha kuilipia.

Njia ya pili: kupiga nyingi, kuzichanganya ziwe moja

Hii ndiyo ninayomfundisha mtu yeyote mwenye simu ya kawaida, na naamini ndiyo inayostahili muda wako. Badala ya kuacha shata wazi sekunde 2, unapiga picha 8 au 16 za haraka za kitu kilekile, kisha unazipatanisha ziwe wastani wa zote. Chombo kiko palepale kwenye picha zote, kwa hiyo kinabaki. Maji yako mahali tofauti kila mara, kwa hiyo yanalainika. Na kuna faida ambayo filta haikupi: chenga, zile nukta zinazochafua picha, zinapungua. Wastani wa picha 16 una chenga robo tu ya picha moja, hivyo simu ya bei ndogo inatoa picha safi isiyo ya kawaida yake.

Kupiga ni rahisi. Simu kwenye stendi, vifuu chini. Shikilia kidole juu ya chombo kwenye kioo cha simu hadi fokasi na mwanga vifungwe, ili picha zote ziwe na mwanga uleule. Kisha bonyeza kwa headifoni mara 16, ukiacha kama sekunde moja kati ya moja na nyingine. Open Camera ina mpangilio wa kurudia unaozipiga zenyewe kwa muda uliochagua.

Kuchanganya ndiko watu wanakokwama, wakidhani lazima wawe na kompyuta. Huhitaji. Unahitaji programu yoyote inayoweza kulaza picha moja juu ya nyingine kwa nusu kwa nusu. Snapseed, ya bure kwa Android na iPhone, inayo, chini ya "Double Exposure". Fungua picha ya 1, chagua zana hiyo, ongeza picha ya 2, buruta mstari wa uwazi hadi katikati, hifadhi kwa ubora wa juu kabisa. Fanya hivyo kwa ya 3 na ya 4, ya 5 na ya 6, ya 7 na ya 8. Sasa una picha nne, kila moja ni wastani wa mbili. Zichanganye mbilimbili tena, unabaki na mbili. Changanya hizo mbili. Umepata moja yenye maji ya picha 8, kwa kazi ya mara 7, na kila mara ni nusu kwa nusu.

Sababu ya kwenda mbilimbili ni ya haki. Ukichukua ya 1 na ya 2 nusu kwa nusu, halafu ukaiongeza ya 3 nusu kwa nusu, ya 3 itakuwa na uzito mara mbili ya zile za mwanzo, na ya 8 itazifunika zote. Maji yatafanana na picha moja ya mwisho yenye vumbi la zile nyingine. Kwa mbilimbili kila picha inapata fungu sawa. Ndiyo maana idadi iwe 4, 8, 16 au 32.

Mwenye kompyuta anafanya yote kwa mkupuo kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: fungua picha zote kama tabaka za faili moja, tabaka la chini lipe "Opacity" ya asilimia 100, la pili 50, la tatu 33, la nne 25, la tano 20, yaani 100 gawanya kwa namba ya tabaka kutoka chini.

Sasa kasoro ya njia hii, na dawa yake. Kwenye jua kali kila picha yako imepigwa kwa 1/2000 au pungufu, kwa hiyo kila wimbi limeganda. Ukizichanganya chache, povu linaonekana kama vipande vilivyochanwa, na mtu aliyepita anatokea mara sita mfululizo kama mizimu. Picha zikizidi 16 maji hulainika yenyewe. Lakini ukiweka ND64, au hata miwani ya jua mbele ya lenzi, kila picha inachukua mwendo kidogo, na mipasuko inazibika. Hapa ndipo zile filta ndogo nilizosema hazitoshi zinapopata kazi. ND64 inakupa 1/60 kwa kila picha. 16 za namna hiyo zikichanganywa, sijui mtu anayeweza kuzitofautisha na filta kubwa ya gharama. Miwani ikiwa ya polaroidi, izungushe taratibu mbele ya lenzi. Kuna pembe moja inayofuta mng'ao wote wa mchanga uliolowa na rangi ya chombo inajitokeza.

Simu zenye njia ya mkato

iPhone kuanzia 6s hupiga picha hai: inarekodi sekunde 1.5 kabla na sekunde 1.5 baada ya kubonyeza. Washa alama ya duara ya "Live", tulia kabla ya kubonyeza na baada, kisha kwenye albamu gusa neno "Live" juu ya picha na uchague "Long Exposure". Simu inachanganya zile sekunde 3 yenyewe. Ubora unashuka kidogo lakini kwa kuangalia kama mahali panafaa, hakuna kitu cha haraka zaidi. Programu ya Spectre, ya iPhone pekee, inafanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi.

Pixel kuanzia 6 wana modi ya mwendo yenye chaguo la shata ndefu. Huawei nyingi zina "Light Painting", na ndani yake "Silky Water" iliyotengenezwa mahsusi kwa maji ya mchana.

Sokoni, penye watu

Mashua zikishaingia, mnada wa samaki unaanza na soko lote linatembea: wachukuzi na ndoo, kinamama wa kukaanga, paka. Hapa shata ndefu ina uzuri wa pekee. Tafuta mtu aliyetulia katikati ya msukosuko. Mama anayegeuza samaki kwenye karai hatulii mikono, lakini kiwiliwili chake hakisogei, na umati unaopita nyuma yake unageuka mito ya rangi za kanga. Robo hadi nusu sekunde inatosha. Chini ya mabati ya soko kuna kivuli, kwa hiyo ND64 peke yake inaweza kukufikisha.

Omba kwanza. "Shikamoo mama, naomba nipige picha hapa, nitakuonyesha." Mwambie akae kama alivyo, na muda wa shata hesabu kwa sauti ili ajue umemaliza. Mtu anayefanya kazi si mandhari. Akikataa, shukuru, usizungushe simu kumwibia kwa mbali. Akikubali, mwonyeshe picha palepale. Watu hufurahi wakijiona wametulia huku dunia ikiwapita, na mara mbili nimeletewa mwenzao naye apigwe picha.

Jahazi au ngalawa inayopita na tanga ni kazi nyingine: huwezi kukitulizia chombo kile, basi tembea nacho. Shata 1/15 hadi 1/30, simu mkononi, geuka kiunoni ukikifuata kwa kasi yake, bonyeza katikati ya mzunguko. Chombo kinabaki kikali, bahari inachorwa mistari. Nyingi zitaharibika. Piga 20, utapata moja au mbili.

Mawingu ya Kaole

Kama kilomita 5 kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Hapo hakuna maji, kinachotembea ni mawingu, nayo ni ya polepole. Sekunde 2 haziyasogezi. Unahitaji dakika kadhaa, na hakuna filta ya simu itakayokupa hizo kwa jua la mchana. Njia ya pili ndiyo peke yake. Lipa kiingilio getini, weka simu chini karibu na ardhi ikitazama nguzo ya kaburi juu, funga fokasi na mwanga, piga picha 32 kwa nafasi ya sekunde 10. Hiyo ni dakika 5 na kidogo. Wakati wa kusi mawingu hukimbia kutoka baharini kuelekea bara na hutoka kama nyuzi ndefu. Ukigeuza kamera ili yaje upande wako au yakuondokee, nyuzi zinafunguka kama feni juu ya nguzo. Minazi itatoka na majani yenye ukungu, na inapendeza hivyo.

Ni makaburi, kwa hiyo usiegemeze stendi wala mguu juu ya jiwe lolote. Simu iliyokaa juani dakika 5 huchemka na wakati mwingine hujizima katikati ya picha ya 20, nawe unaanza upya kwa kuwa mawingu hayangoji. Itengenezee kivuli: kanga iliyotundikwa kwenye vijiti viwili upande wa jua, isiguse simu, isipeperuke mbele ya lenzi. Na picha zote 32 zibaki kwenye simu hadi ile ya mwisho uitazame ikiwa imekuzwa, kwenye kivuli, macho yakiwa yamepumzika na mwanga.